Usonji na Kubadili Kazi Katika Umri wa Makamo

Lengo la somo

Somo hili linamhusu mkazi mwenye usonji aliyefikia umri wa makamo, yaani kati ya miaka 40 na 60 hivi, ambaye anafikiria kuacha kazi aliyoizoea na kuanza nyingine. Linawafaa pia mwenzi wake wa ndoa, ndugu zake, mwajiri wake na vikundi vinavyojadili masuala ya ajira vijijini na mitaani. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kutofautisha kazi yenyewe na mazingira ya kazi, kuzijua haki zilizopo kisheria, na kupanga hatua za kubadili kazi bila kuhatarisha karo ya watoto, bima ya afya na akiba ya uzeeni.

1. Usonji kwa mtu mzima

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Huathiri jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na kiasi anachohitaji utaratibu usiobadilika ghafla. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Mazungumzo mengi kuhusu usonji huwahusu watoto. Lakini mtoto mwenye usonji hukua, huoa au huolewa, hulipa kodi na huzeeka, na usonji wake ukiwa naye. Wengi waliofikia umri wa makamo hawakuwahi kuambiwa kwamba wana hali hiyo, na sababu ni za kihistoria. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Marekani, alieleza usonji kwa mara ya kwanza mwaka 1943 akitumia mifano ya watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye, jina hilo lilitumika zaidi kwa watoto waliochelewa sana kuzungumza. Ni mwaka 1981 ambapo daktari Mwingereza Lorna Wing aliandika kuhusu watu wanaozungumza vizuri na kufaulu masomo lakini wana tabia zilezile za msingi. Mwongozo wa Marekani unaotumiwa na madaktari wengi wa akili uliwatambua watu hao mwaka 1994. Mkenya aliyezaliwa mwaka 1980 aliingia darasa la kwanza karibu mwaka 1986, mfumo wa 8-4-4 ukiwa bado mpya. Kama alisoma na kufaulu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpeleka kuchunguzwa. Aliitwa mpole, mkaidi, mwenye majivuno au mtu wa vitabu, akaachwa hivyo.

Kwa mtu mzima, dalili huwa kama hizi: kuchoka kupita kiasi baada ya kukaa na watu, kuumizwa na kelele ambazo wengine hawazisikii, kuchukua maneno kama yalivyosemwa bila kung'amua fumbo, kuvurugika ratiba inapobadilishwa ghafla, na kuzama katika jambo moja kwa kina na kwa miaka mingi. Si kila mwenye usonji ana dalili zote, na mwenye moja au mbili si lazima awe na usonji. Wanawake hupitwa na uchunguzi mara nyingi zaidi kwa sababu wengi hujifunza mapema kuiga tabia za wenzao.

2. Kwa nini wazo la kubadili kazi huja umri huu

Sababu ya kwanza ni kupandishwa cheo. Mtu hodari wa hesabu, wa mashine au wa maabara hufanya kazi yake vizuri kwa miaka 15, kisha hupewa watu wa kusimamia. Kazi aliyoipenda anaikabidhi kwa mwingine. Yeye anabaki na mikutano, migogoro ya zamu na simu zisizokatika.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya mahali pa kazi. Ofisi yenye vyumba huvunjwa kuta ikawa ukumbi mmoja. Mkubwa wa kazi aliyeandika maagizo hustaafu, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine anayetoa maagizo akiwa anatembea.

Sababu ya tatu ni uchovu wa kujificha. Wenye usonji wengi huishi wakijilazimisha kuwatazama watu machoni, kucheka wengine wanapocheka na kuficha maumivu wanayoyapata kwa kelele. Kujificha huko kunakula nguvu. Katika ujana mtu huweza kuzirudisha mwishoni mwa wiki. Katika umri wa makamo, mwisho wa wiki una wazazi wazee wa kuangaliwa, watoto wa sekondari na shughuli za ukoo. Baadhi ya wanawake wenye usonji wameeleza pia kwamba kipindi cha kukoma hedhi kiliwazidishia ugumu wa kustahimili kelele na mabadiliko.

Nguvu zikiisha kabisa, mtu huingia katika hali ambayo watafiti wameieleza kama uchovu mkuu wa usonji. Huchukua miezi mitatu au zaidi. Mtu hupoteza uwezo aliokuwa nao, kama kupika, kupanga safari au kuzungumza kwa muda mrefu, na kelele aliyoivumilia zamani humshinda.

Jambo la kuzingatia hapa ni moja: barua ya kujiuzulu isiandikwe katikati ya uchovu huo. Mtu aliye katika hali hiyo huona kazi zote hazimfai, hata ile ambayo ingemfaa. Kwanza apumzike. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mikataba mingi, hasa ya utumishi wa umma, hutoa zaidi. Akiona giza maishani au akiwa na mawazo ya kujidhuru, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu sonona huweza kuambatana na usonji na ina matibabu.

3. Kazi ndiyo mzigo, au mazingira yake?

Hili ndilo swali la msingi katika somo hili. Kazi ni kile mtu anachofanya: kuhesabu mali, kufundisha, kushona, kukagua vyakula. Mazingira ni kinachoizunguka kazi hiyo: kelele, mwanga, wasimamizi, wateja, usafiri, ratiba na namna maagizo yanavyotolewa. Anayeacha kazi kwa sababu ya mazingira, bila kujua kwamba tatizo lilikuwa mazingira, anaweza kuyakuta yaleyale kwenye kazi mpya, safari hii akiwa hana cheo, hana uzoefu na ana akiba ndogo.

Mfano wa namna mazingira yanavyobeba mtu ni Donald Triplett, mtoto wa kwanza kati ya wale 11 wa Kanner. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi nchini Marekani. Alikuwa na bahati ambayo wengi hawana: familia yake ilikuwa na uwezo, na benki ya mji huo ilihusiana na ukoo wake. Alifanya kazi katika benki hiyo kwa takriban miaka 65, akajifunza kuendesha gari na kucheza gofu, na akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Usonji wake haukuondoka. Wakazi wa mji walimjua tangu utotoni na walizizoea tabia zake, na kazi yake haikumtaka awe mtu mwingine.

Ili kupata jibu, mkazi atumie daftari kwa wiki nne. Kila siku ya kazi aandike mambo manne: kazi aliyoifanya, mahali alipoifanyia, watu aliokuwa nao, na nguvu alizobaki nazo jioni kwa kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni kuishiwa kabisa.

Chukulia mfano wa kubuni wa karani wa stoo mwenye umri wa miaka 46. Anaamini kwamba amechoka na stoo na anataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya siku 20 za kazi, daftari linaonyesha siku 9 alizobaki na nguvu za 1 au 2. Akizitazama, 8 kati ya hizo ni siku alizoshika zamu ya kaunta ya wateja au aliitwa mkutanoni bila taarifa. Siku za kuhesabu mali peke yake alirudi nyumbani akiwa na 4. Stoo haikumchosha, kaunta ndiyo iliyomchosha. Angefungua duka, angekuwa kaunta kutwa nzima siku sita kwa wiki, akibembelezwa kupunguza bei na kuombwa mikopo. Angekuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

Daftari linaweza pia kusema kinyume. Kama siku za kuhesabu mali ndizo zenye 1, na amekuwa akizichukia kwa miaka, basi kazi yenyewe imefika mwisho wake. Kulijua hilo nako ni faida, kwa sababu anaondoka akijua anachokikimbia.

4. Njia nne, kuanzia ya gharama ndogo

Kubadili kazi si lazima kuwe kuruka kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine. Kuna njia nne, na inafaa kuzipitia kwa mpangilio huu:

Ya kwanza ni kubaki na kurekebishiwa mazingira.

Ya pili ni kuhamia idara nyingine kwa mwajiri yuleyule, au hata kuomba kurudi kwenye kazi ya kitaalamu badala ya usimamizi. Miaka ya utumishi, likizo na mafao huhifadhiwa.

Ya tatu ni kufanya kazi ileile mahali pengine, kwa mwajiri mwingine au kwa kujiajiri. Ujuzi unabaki, mazingira yanabadilika.

Ya nne ni kuanza fani mpya kabisa. Hii ndiyo yenye gharama kubwa zaidi ya muda na pesa. Inafaa pale daftari linapoonyesha kwamba kazi na mazingira vyote vimeshindikana, au pale ambapo shughuli aliyoifanya kwa mapenzi miaka mingi imeanza kuleta kipato.

5. Kuomba marekebisho mahali pa kazi

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi huo kazini. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara yake ya 27 inataka mahali pa kazi pawe na marekebisho yanayofaa, na watu wasaidiwe kubaki kazini na kurudi kazini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu.

Marekebisho mengi anayohitaji mtu mwenye usonji hayana gharama kubwa: maagizo yaandikwe, meza iondolewe karibu na jenereta au mlango, aruhusiwe kuvaa vizibo vya masikio, ajenda ya mkutano itolewe mapema, awe na msimamizi mmoja wa kumpa kazi, na mabadiliko ya zamu yatangazwe kabla. Ombi liwe fupi, litaje kitu na sababu ya kikazi, na liwe na muda wa majaribio. Yule karani wa mfano angeweza kuandika hivi:

"Kwa Msimamizi wa Stoo. Naomba marekebisho matatu yatakayonisaidia kufanya kazi yangu vizuri zaidi. Kwanza, maagizo ya siku yaandikwe. Pili, meza yangu ihamishwe mbali na dirisha la wateja, na zamu yangu ya kaunta ibadilishwe na ya kupokea mizigo. Tatu, nijulishwe mikutano siku moja kabla. Napendekeza tujaribu kwa wiki sita, kisha tuangalie idadi ya makosa kwenye leja na muda wa kufunga hesabu."

Barua hiyo haitaji usonji. Kutaja au kutotaja ni uamuzi wa mwenyewe. Faida ya kutaja ni kwamba ulinzi wa kisheria kuhusu ulemavu huwa rahisi kudaiwa mwajiri akiwa na taarifa. Hatari yake ni dhana potofu za wenzake. Anayeamua kutaja anaweza kumwambia afisa wa rasilimali watu peke yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na mwajiri hapaswi kuzitangaza.

Waajiri nao wana la kujifunza. Mwaka 2012 mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: kila mmoja hushindwa kumsoma mwenzake. Msimamizi anayesema "shughulikia hii mapema" akimaanisha "kabla ya saa sita mchana leo" naye ana sehemu yake katika kosa linalofuata.

6. Uchunguzi, usajili na manufaa yake

Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo humhoji mtu, huangalia tabia zake na huuliza kuhusu utoto wake. Kwa mtu wa makamo, mashahidi wa utoto ni mama, shangazi, kaka au dada wakubwa, na umri wao umesonga. Inafaa kuketi nao mapema na kuandika wanachokumbuka: alianza kuzungumza lini, alicheza vipi, alikataa vyakula gani, walimu waliandika nini kwenye ripoti za shule.

Majibu husaidia hata yakichelewa. Mwimbaji wa Uskoti Susan Boyle alianza maisha mapya ya kazi mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 47, baada ya miaka ya kumtunza mama yake. Tangu utotoni aliambiwa kwamba ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2013 alitangaza kwamba wataalamu walikuwa wamempata na aina ya usonji, na akasema kuijua hali yake kulimpa ahueni. Kipaji chake ni cha wachache, lakini ahueni ya kujielewa wameieleza watu wengi waliochunguzwa ukubwani.

Anayetaka kutambuliwa rasmi kama mtu mwenye ulemavu hufanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hilo lina maafisa katika kaunti zote 47. Usajili ni wa hiari, na manufaa yake yanagusa moja kwa moja uamuzi wa kubadili kazi:

Msamaha wa kodi. Mtu aliyesajiliwa anaweza kuomba KRA, kupitia iTax, asamehewe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Cheti hudumu miaka 5, kisha huombwa upya. Kwa wengi, msamaha huu unaweza kufidia sehemu ya mshahara utakaopungua wakihamia kazi tulivu zaidi.

Zabuni za serikali. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Anayejiajiri kwa kazi kama ushonaji wa sare au ukarabati wa samani anaweza kushindania kupitia mpango huo, unaojulikana kama AGPO.

Mtaji na vifaa. Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu husaidia kwa mambo kama vifaa vya kazi, elimu na ruzuku kwa vikundi.

7. Kuchagua na kuijaribu fani mpya

Imani kwamba kila mwenye usonji anafaa kwa kompyuta si ya kweli. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye usonji, alijenga jina lake kwa kubuni njia na mazizi yanayowapunguzia ng'ombe hofu. Ameeleza kwamba anafikiri kwa picha, na kwamba wenye usonji wengine hufikiri kwa maneno au kwa ruwaza za namba. Mmoja atafaa katika ufugaji, mwingine katika tafsiri, mwingine katika uhasibu, ufundi wa saa, maktaba au kuoka mikate.

Kila kazi ina kazi ndogo ndani yake, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfuga nyuki hukaa na mizinga kwa utulivu, lakini asali lazima iuzwe. Fundi cherehani hushona peke yake, lakini wateja hubadili nia siku ya kuchukua nguo. Kabla ya kuamua, mkazi aorodheshe kazi ndogo zote za fani anayoitamani, kisha aseme ni nani atafanya zile zisizomfaa. Ndugu au mshirika anayependa mazungumzo anaweza kushika mauzo na madeni, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Kisha aijaribu. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Wiki mbili za likizo hiyo zinatosha kukaa na fundi, kwenye shamba au kwenye ofisi ya rafiki, na daftari lilelile likajazwa. Aangalie mkataba wake kwanza, kwa sababu baadhi ya mikataba hukataza kazi nyingine ya malipo.

Mafunzo yako karibu. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba. Aliyejifunza kazi kwa mikono bila darasa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Anapoomba nafasi chuoni au anapoitwa kwa mahojiano ya kazi, anaweza kuuliza mapema jopo lina watu wangapi, mahojiano yatachukua muda gani, na kama anaweza kuonyesha kazi kwa vitendo badala ya kujibu maswali ya papo kwa papo pekee.

8. Kuondoka vizuri

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuondoka, mambo yafuatayo yawe tayari.

Akiba. Kama nyumba hutumia shilingi 38,000 kwa mwezi, akiba ya miezi sita ni shilingi 228,000. Mkopo wa SACCO unaokatwa kwenye mshahara uhesabiwe pia, kwa sababu utaendelea kudaiwa mshahara ukisimama.

Notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba ukitaka muda mrefu zaidi.

Cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti hicho anapoondoka. Mwajiri mpya au chuo huweza kukitaka.

Bima ya afya. Aliyetoka kwenye ajira ya mshahara hulipa mchango wa SHA mwenyewe. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya kama yalivyotathminiwa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Kwa hiyo hata kaya ya kiwango cha chini inahitaji shilingi 3,600 mkononi.

Akiba ya uzeeni. Umri wa pensheni wa NSSF ni miaka 60, na aliyestaafu mapema anaweza kudai akiwa na miaka 50. Mwenye miaka 46 asihesabu pesa hizo kama mtaji wa biashara. Anayejiajiri anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari.

Kama aliondolewa au alilazimishwa kuondoka kwa sababu ya hali yake, anaweza kulalamika kwa afisa wa kazi, na muda wa kisheria wa kufungua madai ya ajira ni miaka 3.

9. Nafasi ya familia

Mwenzi wa ndoa asikie habari hizi kabla ya mwajiri. Mazungumzo yafanywe yakiwa na daftari na hesabu mezani, kwa sababu "nimechoka" ni neno ambalo kila mtu nyumbani analo. Jamaa wanaweza kusema kwamba ni uvivu, au kwamba mtu wa umri huo hapaswi kuchezea kazi. Aliyeona safu ya namba kwenye daftari la wiki nne ataelewa kwa urahisi zaidi kwamba mtu huyo amekuwa akifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ile anayolipwa, na ile ya kujificha.

Familia inaweza pia kusaidia kwa mambo ya kawaida: saa moja ya utulivu baada ya kazi bila maswali, taarifa ya mapema kuhusu wageni, na mtu wa kwenda naye kwenye ofisi zenye foleni na kelele wakati wa usajili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayebaki, anayehama idara na anayeanza upya wote wanaweza kuwa wameamua sawa, mradi kila mmoja amejua kwanza ni kitu gani hasa kilichomwelemea.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kazi na mazingira ya kazi kwa kutumia mfano wa kazi inayojulikana katika eneo lenu.

2. Katika mfano wa karani wa stoo, ni siku zipi zilizomchosha? Duka lingemfaa? Toa sababu.

3. Taja marekebisho matatu yasiyo na gharama ambayo mwajiri katika soko, shule au ofisi anaweza kuyafanya.

4. Ni nani katika ukoo anayeweza kueleza utoto wa mtu mwenye umri wa miaka 50? Kwa nini ni muhimu kumuuliza mapema?

5. Familia inayotumia shilingi 25,000 kwa mwezi inahitaji akiba ya kiasi gani kwa miezi sita kabla ya mmoja wao kuacha kazi? Mchango wa SHA wa mwaka mzima kwa kiwango cha chini ukiongezwa, jumla ni ngapi?